Zamu ya Mzazi

Mke wangu Nashilu alikufa Jumatano, na Jumatano hiyo mimi nilikuwa Moshi, nimekaa kwenye kivuli cha gari la maksai, nasubiri gari la sita lijae. Matano yalikuwa yamejaa tangu Jumapili. Habari kwamba anaumwa ilinifikia Jumanne, imeletwa na mtu aliyekuja kwa miguu kutoka Arusha. Nikaenda kwa msimamizi wa magari, nikamwambia, bwana, niruhusu niondoke na gari moja, mke wangu ni mgonjwa. Akasema magari huondoka pamoja, ndiyo amri ya boma. Nikamwambia tena. Akasema, "Subiri."

Nikasubiri siku moja. Niliogopa kiboko, sitaficha. Alhamisi alfajiri nikaacha maksai, nikaacha gari, nikatembea, na Ijumaa jioni nilipofika nyumbani nilikuta kaburi bado bichi. Dada yake Nalepo alikuwa amekaa mlangoni, jembe mapajani.

"Umechelewa, shemeji," akasema.

Tangu siku hiyo hajalirudia neno hilo. Ndiyo sababu namvumilia kwa mengine yote anayoyasema, na anasema mengi.

Watu huniambia, Sumari, unamlaumu msimamizi kwa kuwa hutaki kujilaumu mwenyewe. Namlaumu yeye na najilaumu mimi. Nina nafasi ya wote wawili.

Basi nieleze jinsi mambo yalivyokuwa. Wajerumani walikuwa wameleta reli kutoka Tanga hadi Moshi, ikaishia hapo. Walisema inakuja Arusha. Kila mwaka alikuja Mzungu na darubini yake yenye miguu mitatu, akapanda vigingi vyenye vitambaa vyeupe katika migomba yetu, akaondoka. Mbuzi wakala vitambaa. Kwa hiyo kati ya reli na sisi kulikuwa na magari ya boma, sita, kila moja na maksai kumi na sita, na mimi ndiye niliyeendesha la mbele. Yalikwenda yote kwa pamoja, mara moja kila siku nane, siku nne za njia. Kwa nini pamoja? Kwa sababu askari wa kulinda alikuwa mmoja, na karani wa kuhesabu alikuwa mmoja, na hao wawili hawakupenda kusafiri. Ndiyo hivyo tu. Nchi nzima ilitembea kwa mwendo wa karani asiyependa jua.

Msimamizi mwenyewe, Mzungu, tulimwita Bwana Subiri. Jina lake la kweli sikulijua, na sikuona hasara.

Nashilu alikuwa Mwarusha wa Ngaramtoni, lakini alipoolewa kwetu Meru alijifunza mfereji kuliko sisi tuliozaliwa kando yake. Mfereji wetu unatoka juu msituni na kupita nyumba thelathini na tatu. Kila nyumba ina zamu yake. Kanuni ni moja: anayepokea maji husimama mlangoni pa shamba lake kabla ya saa yake, jembe mkononi, na anayetoa hazibi mpaka amwone mwenzake yupo. Ukichelewa, maji yanapita, utayaona siku nyingine. Nashilu hakuchelewa hata mara moja. Alisimama pale, khanga imefungwa kiunoni, anawatukana wa juu kwa sauti nzuri ya kuimba mpaka waone aibu kuongeza hata dakika.

Siku moja nilirudi kutoka Moshi nimechoka, nikalalamika juu ya msafara. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Nyie mna maji mengi, lakini mnayamwaga yote siku moja. Kwa nini hamwendi kama mfereji?"

"Gari si maji," nikamwambia, nikacheka.

"Kweli," akasema. "Maji yana akili."

Nilicheka, na hilo nalo ninalo moyoni.

Mwaka wa pili baada ya kifo chake, gari la moshi likaanza kufika Moshi mara tatu kwa wiki badala ya mara moja. Sasa wenye mashamba ya kahawa wakaanza kupiga kelele. Reli inakuja, inaondoka tupu, na kahawa yao imelala Arusha inangoja msafara. Sisi tulipokuwa tunakufa kwa kusubiri hakuna aliyesikia. Gunia la kahawa liliposubiri, Bwana Mkubwa mpya wa boma akaita baraza.

Tukasimama uani, waendeshaji wote, kofia mikononi. Akauliza kupitia kwa karani: nani anajua njia ya kuwahi? Bwana Subiri alikuwa amesimama pembeni, anatutazama mmoja mmoja. Mimi, sijui ni hasira au ni nini, nikasikia mdomo wangu umefunguka.

"Tugawe maksai, bwana," nikasema. "Wengine wakae Usa, wengine Sanya, wengine Weruweru. Gari moja litoke hapa kila asubuhi, moja litoke Moshi kila asubuhi. Likifika Usa maksai wapya wako tayari barabarani, wamefungwa nira. Wale waliochoka wanakula. Gari halilali mchana. Siku ya pili limefika."

"Ulijifunza wapi haya?" karani akauliza, kwa dharau kidogo.

"Kwenye mfereji."

Watu wakacheka. Karani akatafsiri, Bwana Mkubwa hakucheka. Akauliza gari moja lisilo na askari litalindwa na nani. Nikasema na watu wa njiani, maana litakuwa lao pia. Wakazungumza kwa lugha yao muda mrefu. Mwisho karani akasema, "Mwezi mmoja. Lakini sikilizeni. Mzigo wa serikali ukikaa njiani, hata mara moja, mambo haya yanakwisha. Tunarudi kwenye msafara."

Bwana Subiri akatabasamu. Alijua mwezi huo ni Aprili, mwezi wa masika, na barabara ya Tengeru wakati wa masika ni uji.

Tukaanza. Mpaka sasa nikiikumbuka wiki ile ya kwanza najikuta nacheka peke yangu. Usa aliwekwa mzee Solomoni, ambaye kwao ndiye msimamizi wa mfereji, na yeye akawaendesha watu wake kwa kanuni ileile: mpokeaji husimama kabla ya mtoaji kufika. Nilipotokea kwenye kona niliwakuta wamejipanga barabarani, maksai na watu, wima kama wanaopigwa picha. "Umechelewa robo ya zamu," Solomoni aliniambia siku ya kwanza. Kina mama wakaanza kutuma vibuyu vya maziwa kwa watoto wao walioolewa huko chini, na vibuyu vikarudi siku ya nne na salamu. Mtu alimwita mwenzake wa Sanya waje wale nyama Jumapili, na wakaja Jumapili hiyohiyo. Njia ile ilikuwa imekaa miaka yote kama mto uliokauka, sasa ikaanza kusema.

Wiki ya tatu, Jumanne alasiri, Elinaza, mwendeshaji mwenzangu, aliingia na gari kutoka Moshi. Kabla hajafungua maksai akaniita kando.

"Nimetumwa na mkweo Yoeli. Ni habari ya Hanna."

Hanna ni binti yangu. Yoeli mumewe alikuwa anafanya kazi ya kupakia kuni kwenye gari la moshi, wanakaa karibu na stesheni. Mtoto wao wa kwanza alilala kingamo tumboni, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, akafa siku ya kuzaliwa, na Hanna naye alibaki kwa neema tu. Hakukuwa na mkono wa kumgeuza.

"Sema tu," nikamwambia Elinaza.

"Amelala vilevile. Kingamo. Wamama wa pale wanasema siku zimebaki mbili, labda tatu. Anamtaka mama yake mkubwa."

Mama yake mkubwa ni Nalepo. Katika nchi yote ya Arusha na Meru hakuna mikono kama yake. Anampaka mama samli tumboni, anamsukuma mtoto polepole mpaka kichwa kinarudi chini. Amefanya hivyo tangu hajaota mvi. Lakini alikuwa Ngaramtoni, na mguu wake mmoja hautembei zaidi ya shamba lake.

Niliazima punda, nikafika kwake jua bado lipo. Alikuwa anakamua.

"Nimekuja kukuchukua," nikasema.

"Kunichukua? Umemaliza mdogo, sasa unataka mkubwa?"

"Ni Hanna."

Akaacha kukamua. "Kalalaje?"

"Kingamo. Kama yule wa kwanza."

Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha samli na shuka lake jekundu. Akamtazama punda. "Mgongo wa huyu ni kama wako, mfupa mtupu. Haya, nipandishe."

Asubuhi Jumatano tulikuwa kwenye uwanja wa magari kabla ya jua. Gari langu lilikuwa limejaa: magunia ya kahawa, masanduku manne ya boma yenye kufuli, ngozi. Lerionka, Mwarusha anayeongoza maksai kwa kamba mbele, mtu mzima mwenye utani mwingi, alimwona Nalepo akavua kofia, akamwamkia kwa Kimaasai kama mama yake.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," akaitikia Nalepo. "Nawe umezeeka, Lerionka. Mama yako nilimzalisha mimi, nikakupokea. Ulikuwa mbaya, na hujabadilika."

Tukampandisha juu ya magunia. Bwana Subiri akatokea na kitabu chake.

"Huyu nani?"

"Ni abiria, bwana. Anakwenda kwa mgonjwa."

"Ana cheti?"

"Hana."

"Basi asubiri apate cheti. Karani atafungua saa nne."

Nalepo akasema maneno kwa Kimaasai, marefu, akimwangalia Mzungu machoni kwa upole sana. Siwezi kuyaandika maneno yale, karatasi itaungua. Bwana Subiri akamgeukia Lerionka. "Anasemaje?"

"Anamwombea bwana maisha marefu," akasema Lerionka.

Mzungu akaangalia jua, akaangalia kitabu. Gari likichelewa kuondoka lingeandikwa kwa jina lake. Akapunga mkono, nendeni. Nikapiga mjeledi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tengeru tulizama. Gurudumu la nyuma liliingia mpaka kwenye ekseli, na maksai wote walivuta mpaka macho yakawatoka. Tukakata matawi, tukayaweka chini, tukavuta. Likatoka. Hatua mia mbili mbele, likazama tena.

"Yeyo, ungeshuka kidogo tupunguze uzito," akasema Lerionka, matope mpaka kifuani.

"Nikishuka mtaniacha hapa mwende na kahawa. Mimi nawajua wanaume." Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiniambia mimi, "Shemeji. Tutafika lini kwa mwendo huu?"

Nilihesabu. Usa tulitakiwa kufika saa sita. Kwa mzigo ule, na njia ile, tungelala Usa, tungelala Sanya, tungelala Weruweru. Moshi Jumamosi.

"Jumamosi," nikasema.

Akakiweka kibuyu cha samli chini ya shuka, akakishika kwa mikono miwili.

Tulifika Usa saa tisa. Solomoni alikuwa amesimama barabarani na watu wake na maksai wake wamefungwa nira, tangu saa sita, ndani ya mvua, kwa sababu kanuni ni kanuni. Alikuwa amefungua mdomo anitukane.

"Umechelewa zamu nzi…" Akamwona aliyekaa juu. "Mbona Nalepo wa Ngaramtoni yuko juu ya magunia kama jogoo?"

Nikamweleza. Binti yangu, mtoto kingamo, siku mbili. Solomoni alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akachomeka fimbo yake kwenye matope.

"Basi hii si zamu ya boma tena. Hii ni zamu ya mzazi."

Niwaeleze wasiojua. Kwenye mifereji yetu, nyumba ikiwa na mwanamke anayejifungua, maji yanakwenda kwake, hata zamu iwe ya nani. Haombwi mtu ruhusa. Habari inapigiwa kelele kutoka juu kwenda chini, na kila nyumba iliyo katikati inaziba mlango wake yenyewe. Hakuna aliyewahi kukataa, hata wale wasiosalimiana.

Watu wake walikuwa wameshapanda garini, wanashika magunia.

"Ngojeni!" nikasema. "Mzee, haya si maji. Haya masanduku ni ya serikali. Yakikaa hapa, gari la kila siku limekwisha. Ulisikia amri. Turudi kwenye msafara? Watu wote wa njia hii wasubiri tena siku nane, kwa ajili ya binti yangu?"

"Maji yakipita kwa mzazi," Solomoni akasema, "uliona wapi mfereji umekauka?"

"Boma si mfereji."

"Hilo najua. Na wewe u nani, boma?"

Mvua ilikuwa inanichuruzika shingoni. Nalepo alikuwa bado ameshika kibuyu chake. Alinitazama tu kutoka kule juu, na sura yake, Mungu anisamehe, ni sura ya mdogo wake akizeeka. Nilijua anachokumbuka. Nami nilikikumbuka. Nilikuwa nimeshasubiri siku moja kwa ajili ya amri, nikaona nilichopata.

Nikapanda, nikashika sanduku la kwanza la boma, zito, nikalishusha mwenyewe kwa mkono wangu. Nilitaka likija kuulizwa nani alishusha, nisitafute jibu.

Walitandika matawi chini, wakapanga magunia juu, wakafunika kwa majani ya migomba tabaka kwa tabaka mpaka hayaonekani. Vijana wanne wenye mikuki wakakaa juu yake. Solomoni akafunga maksai wake.

"Nenda sasa. Na usichelewe zamu mbili."

Gari tupu na maksai wapya, jamani! Sikujua gari linaweza kwenda vile. Liliruka, likalia, likarusha matope kama mbwa aliyetoka majini. Nalepo alikaa chini sasa, amejibanza kwenye pembe, anamlaani kila anayestahili. Tulifika Sanya jua linazama. Watu wa Sanya walikuwa wamesikia. Sijui kelele ile ilipita wapi katika nyika ile tupu, lakini walikuwa wamechemsha maziwa na wametandika ngozi kavu kwa ajili ya yeyo. Kabla ya mapambazuko walituamsha, maksai tayari.

Mto Kikafu ulikuwa umejaa. Maji mekundu, yanabeba matawi. Gari lililojaa lisingethubutu. Lerionka akaingia mbele, kamba begani, maji yakamfika kiunoni, kisha mbavuni. Maksai wakagoma katikati. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nyuma yangu nilimsikia Nalepo akiomba, kwanza Engai, Mungu wa kwao, kisha Yesu, kisha tena Engai.

Tulipotoka upande wa pili, maji yanamwagika kwenye mbao, nikamwuliza, "Uliomba wangapi?"

"Niliwaita wote wawili. Aje aliye karibu."

Weruweru sikusimama hata dakika kumi. Walibadilisha nira gari likiwa bado linatikisika. Mtu mmoja, Mchaga nisiyemfahamu kabisa, alinitupia ndizi mbivu mkononi akasema, "Nenda, baba wa Hanna." Nikashangaa jina la binti yangu kuwa mdomoni mwake. Nilikula ndizi ile nikiwa nalia, na nilishukuru mvua.

Moshi tulifika saa nane mchana. Yoeli alikuwa amesimama nje ya nyumba, mikono kichwani. Alipotuona alikuja mbio, akasahau hata kuniamkia, na mkwe kusahau kumwamkia baba mkwe ni jambo kubwa, lakini sikumkumbusha.

"Uchungu umeanza tangu asubuhi," akasema. "Bado kingamo."

Tulimbeba Nalepo, mimi na yeye, kutoka kwenye gari mpaka mlangoni. Pale kizingitini akatuambia, "Sasa tokeni." Mlango ukafungwa.

Sisi wanaume tukakaa nje kwenye gogo. Sijui muda gani. Nilisikia sauti ya Hanna, na nilipoisikia nilitaka kuinuka, na Lerionka akanishika shati. Nilisikia Nalepo akimwambia, "Usisukume. Bado. Nimesema bado, mtoto wa Nashilu, una ubishi wa baba yako." Kisha kimya. Kimya kile sikitaki tena maishani. Yoeli alikuwa anang'oa nyuzi kwenye mkono wa koti lake, moja moja, mpaka mkono ukabaki na matundu.

Kisha akalia mtoto. Si kulia, ni kufoka.

Baada ya muda mlango ukafunguliwa, Nalepo akatoka akijishika ukutani, mikono inang'aa samli mpaka kwenye viwiko.

"Nina njaa," akasema. "Ni mwanamume. Ana kichwa cha ukoo wenu, kikubwa bure. Nilipokizungusha nilidhani nazungusha jiwe la kusagia."

"Na Hanna?"

"Anaomba chakula naye. Mnasimama nini? Hakuna mwenye mikono?"

Yoeli akakimbia kutafuta mtori. Mimi nilibaki pale. Nalepo akaniangalia, akanifuta tope usoni kwa kiganja chake cha samli, akafanya vibaya zaidi. "Ingia ukamwone, mzee," akasema. Hakuwahi kuniita mzee kabla ya hapo.

Ijumaa mchana nilikuwa stesheni nimekaa. Nilijua watakuja. Gari la Alhamisi kutoka Arusha likatokea, Elinaza anaendesha, na pembeni yake, amelowa, uso mwekundu, Bwana Subiri mwenyewe. Alikuwa ametoka Arusha kukagua. Akashuka kabla gari halijasimama.

"Wewe! Mzigo wa serikali ulikaa njiani!"

"Ulikaa, bwana."

"Umevunja amri! Mambo yako yamekwisha!"

"Mzigo wenyewe uko wapi, bwana?"

Akageuka. Ulikuwa nyuma yake. Alikuwa ameukalia tangu Usa. Gari la Alhamisi lilikuwa limeondoka Arusha nusu tupu, maana mizigo siku hizo haikuwa inarundikana tena; lilipofika Usa vijana wa Solomoni walifunua majani ya migomba, wakapakia kahawa, ngozi na masanduku yote manne ya boma, kufuli juu yake. Elinaza alinieleza baadaye kwamba Kikafu walisubiri maji yapungue, saa mbili tu. Karani wa stesheni akahesabu. Hakikupungua kitu. Gari la moshi lilikuwa linaondoka Jumamosi.

"Mzigo umechelewa siku moja," akasema Bwana Subiri, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Zamani ungechelewa nane. Nawe usingekuja kuukagua."

Nilikuwa nimeshaweka mgongo wangu tayari kwa kiboko, nikasema acha uje, mjukuu wangu anapumua. Lakini Bwana Subiri alifungua kitabu chake akaandika, na alichokiandika karani alikuja kutunong'oneza baada ya wiki mbili. Kiliandikwa hivi: kwamba kwa ajili ya matope, msimamizi wa magari aliamuru mzigo ugawanywe Usa, usafirishwe kwa magari mawili, na kwa akili hiyo ukawahi reli. Bwana Mkubwa akamsifu. Gari la kila siku likapewa miezi sita zaidi. Mimi nikaondolewa kuendesha, kwa kosa la kubeba abiria bila cheti, nikapelekwa Weruweru kulisha maksai.

Ndivyo walivyo wakubwa. Ukitenda jema wanalivaa wao, na matope wanakuachia wewe. Sijawahi kumsamehe na sitamsamehe, na nikifika mbinguni nikimkuta yuko mbele yangu mlangoni, nitauliza nani ameandika orodha.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile asubuhi, Lerionka na Elinaza walikuwa wamefunga maksai kwa safari ya kurudi Arusha, na kuna nafasi nzuri garini, tumemtandikia Nalepo majani makavu. Nikaenda kumwita. Nilimkuta amekaa na mtoto mapajani, anamnyoosha miguu kwa samli, Hanna amelala kando anawatazama, macho mazito kwa usingizi.

"Shemeji, gari linaondoka."

"Hivi kesho liko?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Liko."

"Na keshokutwa?"

"Liko."

Akamgeuza mtoto tumboni, akampaka mgongo. "Basi liache liende."

Nilitoka nje. Nikamwambia Lerionka aende. Akapiga mluzi, maksai wakavuta, gari likapinda kona ya stesheni na ile nafasi tupu ya majani makavu juu yake, na hakuna mtu aliyelikimbilia. Nikarudi ndani, Hanna akaniambia, "Baba, kaa ule."